Turubai Limepita Bwawani

Mabega yalianza kuniuma Julai, na Septemba ilipoingia yalikuwa hayajaacha. Naamka nyumbani Tunduma, malori yameshaanza kuunguruma kwenye foleni ya mpakani, na kabla sijainua mkono kuchukua simu najua kabisa mkono utakubali kufika wapi. Mke wangu alikuwa ananichua mgongo kwa dawa kila Jumapili, kimya kimya. Jumapili moja akasema:

"Baba, ungekuwa umeumia kazini ningekuonea huruma."

Niliumia bwawani, kwenye maji, nikiwa nacheza, na mtu mzima wa miaka arobaini na minane hana namna nzuri ya kulieleza hilo akiwa amelala kifudifudi.

Mimi ni fundi wa faiba. Bampa la lori likivunjika njiani, likiletwa kwangu linatoka hata mwenye lori asijue lilivunjikia wapi, na madereva kutoka Lusaka hadi Dar wanalijua hilo. Stashahada yangu iko ukutani ofisini, kwenye fremu, mahali ambapo mteja akikaa kwenye kiti hawezi kuikwepa. Niliipata Afrika Kusini, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, katika mji mmoja wa pwani wenye upepo usiochoka. Niliondoka nyumbani na begi moja, hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi, na niliporudi nilijenga nyumba yenye vigae hadi barazani. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba mtu aliyekuwa anaanguka majini msimu mzima hakuwa mtu asiyeweza mambo.

Kule kusini karakana yetu ilikuwa inatengeneza mbao za kuendea majini kwa tanga. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga lililochomekwa kwenye ubao huohuo, upepo unakuvuta. Niliujua mchezo huo kiasi kwamba tajiri wangu aliniweka niwafundishe wageni. Ubao wangu wa zamani nilirudi nao, na kwa miaka kadhaa nikawa nauchezea kwenye bwawa moja la umwagiliaji upande wa Mbangala, kule bondeni, ambako upepo unaamka saa tano asubuhi na ng'ombe wanashuka kunywa mchana. Mamba hamna. Niliuliza kwa watu wanne kabla ya kutia mguu.

Mwaka huu mwenzangu wa karakana ya zamani akanitumia seti mpya kwa lori lililopita Zambia. Dereva, Mzambia mcheshi, aliishusha mbele ya ofisi yangu akinisalimia kwa Kibemba huku anacheka.

"Mulishani, ba fundi! Nimekuletea eropleni yako. Mabawa nimeyaona, injini sijui wamebaki nayo wapi."

Kwa kweli yalikuwa mabawa. Seti hii mpya inaitwa foili. Ubao wake ni mfupi na mpana kama meza ya chai, na chini yake unafunga nguzo ya alumini inayonifika kiunoni. Mwisho wa nguzo kuna bawa kubwa mbele na dogo nyuma, na yote hayo yanakaa ndani ya maji. Ukipata mwendo, bawa linainua nguzo, nguzo inainua ubao, na wewe unakwenda hewani, maji yakiwa chini yako. Hivyo ndivyo kitabu chake kilivyosema. Nilifunga kila boliti mwenyewe, nikakaza kwa kipimo, nikajiambia Jumamosi moja inanitosha.

Jumamosi ya kwanza nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu.

Tatizo lilikuwa mguu wangu wa nyuma. Miaka yote ya ubao wa zamani mguu huo ndio uliokuwa unafanya kazi: unaukandamiza, unaegemea nyuma, ubao unakwenda. Kwenye foili, ukikandamiza mguu wa nyuma, ubao unanyanyua pua kama punda aliyeguswa mgongo, bawa linatoka nje ya maji, halafu vyote vinashuka kwa mpigo na wewe chini yake. Nililijua hilo kwa kichwa. Ningeweza kulifundisha darasani. Mguu haukusoma kitabu. Nilisogeza kitako cha tanga mbele, nikaweka washa, kile kiduara cha chuma cha kwenye boliti, nyuma ya bawa dogo, nikalisawazisha upya, nikapanda, nikatazama miguu yangu kuhakikisha imekaa pale inapotakiwa, na nikaanguka tena nikiwa naitazama.

Bwawa lina mlinzi wa lango la maji, mtu wa makamo anayekaa kwenye tuta na redio yake. Huyo alinifanya kuwa kipindi chake cha Jumamosi.

"Fundi! Leo umekunywa lita ngapi? Niandike kwenye kitabu, maana maji ya wakulima hayo."

"Andika."

"Na lile turubai lako, hujafikiria kuanikia mahindi?"

Tanga langu, lililotengenezwa kwa mikono na watu wenye vyeti, watu wote wa pale waliliita turubai. Mwanzoni nilisahihisha. Mwezi wa pili nikaacha.

Sasa nieleze jambo jingine, maana ndilo lililofanya Septemba ile iwe nzito. Mke wangu ni wa Mbozi, kwenye vilima vya kahawa juu ya Mlowo. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anageuka. Inakuwa hivyo mpaka mama mkwe mwenyewe atakapopanga siku ya kumwingiza mkwe: anampikia kuku, anamwandalia kwa mikono yake, wanatazamana, na kuanzia hapo ni mama na mwanawe. Kwa wengine siku hiyo huja mwaka wa kwanza wa ndoa. Mimi nilioa nikiwa kusini, nikatuma washenga na simu, na mama yule mjane hakufurahia posa ya simu. Miaka saba ilipita. Nilimwekea bati jipya, nikamchimbia kisima, lakini uso wake nilikuwa naujua kwa picha ya harusi tu.

Kila msimu wa kahawa nilikwenda kuchuma shambani kwake siku tatu, kama mkwe anavyotakiwa. Yeye alikuwa anaacha chakula changu mwanzo wa mstari, chini ya mbuni, kimefunikwa. Akitaka kupita, anakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, chenye maana, ambacho hakina uhusiano wowote na kifua. Nikikisikia nageuka, naipa kahawa uso na yeye mgongo, nangoja mpaka nyayo ziishe. Miaka saba nilimfahamu kwa kikohozi hicho.

Mwaka huu, mwisho wa Agosti, akamwambia binti yake kwamba siku ameipanga. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kahawa ikishakauka. Mke wangu alilia kwa furaha. Halafu akafuta macho, akaniambia sharti.

"Mama amesikia habari za bwawani. Amesikia mkwe wake anavaa nguo ya kubana kama ngozi na anaangushwa na turubai mbele ya ng'ombe za watu. Amesema kama ni kweli, asije akakuona hivyo, kwa sababu akikuona hivyo hawezi tena kukuandalia. Ataahirisha."

"Mpaka lini?"

"Unajua alivyo. Labda mwakani. Labda asipange tena." Akanishika mkono. "Tulia tu mwezi huu mmoja, Baba. Nimechoka kula na mama yangu chumba kimoja na mume wangu kingine."

Nikaahidi. Nilitaka ile siku kuliko alivyojua. Mtu aliyejenga kila kitu kwa mikono yake anachoka kukaa nje ya mlango mmoja miaka saba.

Lakini upepo wa bondeni unakwisha Oktoba. Baada ya hapo bwawa linalala mpaka msimu mwingine, na seti yangu ingekaa stoo mwaka mzima bila kunyanyuka hata mara moja, na mimi nikiwa nimeongeza mwaka wa umri. Jumamosi ya mwisho ya Septemba mke wangu alisema anakwenda msibani na wanawake wa kanisa la kwao, na mama yake akiwemo. Nikampa pole. Nikamwambia mimi nitakuwa karakana. Alipotoka, nikapakia foili kwenye pikapu.

Kosa langu ni hili: sikuuliza msiba uko wapi. Kwetu swali hilo linatoka lenyewe, hata kabla ya kuuliza nani amefariki. Miaka ya kusini ilinifundisha kutowauliza watu safari zao, na siku hiyo, nadhani, sikutaka kurefusha maongezi.

Msiba ulikuwa Mbangala.

Nilianguka tangu saa tano mpaka saa nane. Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa na ule uchovu wa mtu anayerudia kazi ambayo haimlipi, mikono imelainika, maji yamejaa puani, na suti ya mpira imeanza kunikata kwapani. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kifuani, nikigeuza ubao kwa mara ya mwisho nipate kuutoa, nilipoona basi dogo aina ya Coaster likishuka barabara ya vumbi na moshi mweupe unatoka mbele. Injini ilikuwa imechemka. Likasimama kando ya pikapu yangu, ambayo ina jina la karakana yangu ubavuni kwa herufi nyekundu nilizochora mwenyewe. Dereva akaruka na madumu mawili kufuata maji. Nyuma yake wakateremka wanawake wa kanisa, wamevaa vitenge vya sare, mmoja mmoja, wakinyoosha miguu.

Wa nne kuteremka alikuwa mke wangu. Alisoma ubavu wa pikapu. Halafu akaangalia majini. Sijawahi kuangaliwa vile, na sitaki tena.

Wa tano alisaidiwa kushuka. Sikumtazama. Niliona tu ukingo wa kitenge na viatu vya mpira vyeusi, nikajishusha majini mpaka shingoni na kuvuta tanga mbele yangu. Tanga langu lina dirisha kubwa la plastiki angavu, ili mchezaji aone mbele. Nilijificha nyuma ya kioo.

Na yule mlinzi, Mungu amsamehe, akasimama juu ya tuta.

"Fundi! Usitoke! Leo una watazamaji wa maana! Akina mama, kaeni hapo kivulini, mtamwona anavyokunywa!"

"Ni nani?" mama mmoja akauliza.

"Fundi wa Tunduma! Mtu wa stashahada!"

Wanawake wakacheka, halafu kicheko kikakatika ghafla katikati, na nikajua mmoja wao amemgusa mwenzake na kumwonyesha nani yuko nao.

Nguo zangu zilikuwa kwenye pikapu, hatua tatu kutoka alipo yeye. Injini iliyochemka haipoi kwa dakika kumi. Nilihesabu njia zangu na hakukuwa na njia. Kutoka majini na suti ile, maji yakinichuruzika, kumpita mama mkwe wiki moja kabla ya siku yenyewe? Kukaa na maji shingoni mpaka jioni? Baridi ilikuwa imeshaanza kuniingia.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kilikuja juu ya maji, kimoja, kikavu. Kwa miaka saba mwili wangu umekijibu bila kuniuliza. Nikageuka. Niliwapa wote mgongo, nikatazama ng'ambo, ambako kuna mgunga mmoja peke yake ukingoni, na nikaelewa kwamba mama yule ananipa nafasi ileile anayonipa shambani: yeye amekohoa, mimi nigeuke, kila mtu ashike njia yake. Njia yangu ilikuwa ng'ambo.

Nikainua tanga, upepo ukalijaza, ukanitoa majini na kuniweka juu ya ubao. Sikutazama miguu. Sikuwa na ruhusa ya kutazama kitu chochote isipokuwa ule mgunga. Sikuegemea nyuma pia, kwa sababu nyuma ndiko alikokuwa yeye, na kila kilichokuwa ndani yangu kilikuwa kinataka kwenda mbele, mbali na pale. Uzito wangu wote ulikwenda mguu wa mbele. Ubao ukapigapiga mawimbi mara tatu, nne, halafu kelele zikaisha.

Sikuanguka. Nilingoja kuanguka na sikuanguka. Chini yangu hakukuwa na mtikisiko wowote, ila mvumo mwembamba wa nguzo ukipanda mpaka kwenye nyayo, kama waya wa umeme. Ubao ulikuwa umeacha maji kwa kiasi cha goti. Pua ilipotaka kupanda, kidole gumba cha mguu wa mbele kiliirudisha chenyewe. Nikapita juu ya kivuli changu. Nikawapita nyange waliokuwa wamesimama kwenye maji mafupi, na hawakuruka, kwa sababu hawakusikia kitu. Nilikata bwawa lote, kutoka tuta mpaka mgunga, nikiwa nimewapa mgongo watu wote ambao ningetaka wanione.

Ng'ambo bawa likakita kwenye tope, nikarushwa kwenye matete. Nikabaki humo, kifudifudi, nikisikiliza ng'ombe wakinywa. Nilikaa mpaka nilipoona vumbi la Coaster likipanda mlima. Kisha nikabeba ubao, nguzo na tanga na kuzunguka bwawa kwa miguu, nikipumzika kila baada ya hatua thelathini. Sikuwa na nguvu hata ya kujisifu.

Mlinzi alinipokea akiwa amesimama. Redio ameizima.

"Fundi," akasema, "nimekukosea heshima miezi mitatu. Umepaa. Nimekurekodi, tazama."

Nikatazama kwenye simu yake, maji yakidondokea kioo. Nilikuwa mimi. Mtu ananyooka juu ya maji, tanga jeupe, mgongo umetulia, anakwenda kama anavutwa na kamba kutoka ng'ambo. Ningeweza kuituma video ile kusini, kwa wote niliowafundisha. Chini, pembeni ya picha, alionekana mwanamke mzee mwenye viatu vya mpira vyeusi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza bwawani. Alikuwa anatazama. Mpaka mwisho alikuwa anatazama.

"Nitumie," nikamwambia.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa jikoni, hajavua kitenge cha sare. Nilianza kuomba msamaha, akanyanyua mkono.

"Kwenye gari hakuna aliyeongea mpaka tulipofika lami. Halafu mama mmoja mjinga akasema, 'Kumbe mkweo ni hodari.' Unajua mama alimjibu nini?"

"Ameahirisha."

"Alimjibu, 'Mkwe wangu? Mkwe wangu yuko Tunduma kazini, binti yangu ameniambia. Mimi nimeona turubai limepita bwawani. Mtu sikuona.'"

Nikakaa chini.

"Gari zima," mke wangu akaendelea, "wakasema na wao wameona turubai. Sasa sikiliza, Baba. Ikisikika popote kwamba ulikuwa wewe, mama amekuona na amesema uongo mbele ya kanisa. Siku hiyo haitakuwepo. Yule mlinzi nilimwona na simu. Una picha?"

Nilikuwa nayo. Niliitazama mara moja nyingine, nimesimama bafuni, simu mkononi, mwanga wa dirisha ukiwa unafifia. Msimu mzima, mabega mawili, na dakika moja na nusu. Kisha nikaifuta, nikampigia mlinzi.

"Ifute."

"Nifute? Fundi, wewe ni mzima? Hii nimeshaionyesha kwa wachunga ng'ombe wawili!"

"Waambie lilikuwa turubai limechukuliwa na upepo."

"Kumbe yule bibi ni mkweo," akasema. "Basi. Limefutwa. Pole sana, fundi." Na nilisikia kwamba pole ile ilikuwa ya kweli.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba nilivaa suti yangu ya kijivu na kuingizwa. Niliketi mkekani, nikiwa nimeinamisha kichwa, kaka wa mke wangu akiwa pembeni. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, nikaona vile viatu vya mpira vyeusi, halafu sahani ya ugali, halafu kuku, halafu mikono iliyochuma kahawa maisha yake yote. Akaketi mbele yangu. Kaka mtu akasema, "Shemeji, inua macho."

Nikainua. Ni mwanamke mdogo kuliko kikohozi chake, mwenye macho makali na pengo moja la mbele. Tukatazamana. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru, ila yeye alianza.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa ufundi. Juzijuzi kule bondeni tuliona turubai. Lilipita juu ya maji bila kuyagusa. Linawezaje?"

Jikoni mke wangu aliacha kuosha vyombo, nilimsikia. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu lenye mabawa mawili, nguzo ya alumini, mguu wa mbele na washa moja nyuma, jibu ambalo hakuna mtu mwingine mkoa huu mzima anayeweza kulitoa, na stashahada ya kulisimamia. Lilinijaa mdomoni mpaka meno.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sikuliona. Labda ni upepo."

Mama akachukua firigisi kwa vidole vyake, akaiweka upande wangu wa sahani.

Nikanyoosha mkono kuichukua. Bega likagoma njiani, kama kawaida, ikabidi niusaidie mkono kwa mkono wa pili, na yeye akaliona hilo, akageukia jikoni na kumwambia binti yake alete maji ya moto ya kunikanda.